Maji ya Kuwaachia Bata

Mama mkwe wangu alipopooza upande wa kushoto, nyumba yetu ya Kakuma ilinifunga. Hakuna aliyeniambia nisitoke. Ila mume wangu alikuwa kazini mbali, mawifi zangu walikuwa na miji yao, na mama alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani, kumlisha na kumsaidia haja. Mimi ni mhudumu wa mifugo. Zamani nilikuwa nafika hadi Lokiriama kuchanja mbuzi, nalala kwenye maboma ya watu, narudi nimebabuka kwa jua na moyo mweupe. Sasa nilitibu walioletwa mlangoni tu: kuku, mbwa wa jirani, mwanambuzi aliyemeza kamba.

Ndivyo bata walivyonifikia. Mvua ilikuwa imenyesha vibaya, mto Tarach ukafurika hadi kambi ya wakimbizi. Maji yalipopungua, rafiki yangu mmoja kutoka Sudan Kusini, mama aliyeuza chai sokoni kambini, akaja kwangu na karai lililofunikwa leso. Ndani mlikuwa na vifaranga sita wa bata mwitu, milia ya njano na kahawia, wanalia kwa mluzi mwembamba.

"Mama yao, mbwa amekula," akaniambia. "Watu wanataka kupika hizi. Dada, hii si nyama. Hii ni mtoto."

Aliwatambua kwa ule mluzi. Kwao bata hawa hutua kwenye madimbwi ya Nile makundi kwa makundi. Tangu akimbie vita hakuwa amewasikia tena.

Nilimpigia simu afisa wa wanyamapori Lodwar. Akaniambia niwakuze, nisiwauze, nisiwazoeshe watu, na wakishaweza kuruka niwarudishe kwenye maji yanayowafaa. Alilisema hilo la mwisho kama jambo dogo, kama vile huku kwetu Turkana, penye ukame, maji yanaokotwa njiani.

Nikawajengea kizimba cha waya nyuma ya nyumba, juu nikaweka wavu kwa ajili ya mwewe. Niliwalowekea mtama, nikawaokotea mchwa. Shida ilikuwa beseni. Bata asipoogelea, manyoya yake hayashiki mafuta, na siku ukimtia mtoni analowa na kuzama. Kwa hiyo kila siku niliwajazia maji, huku mitungi ya majirani imepangwa foleni bombani. Jirani mmoja alichungulia uani, akaguna, akaondoka bila kunisalimia.

Mama aliwaona kupitia mlangoni, kutoka kitandani kwake. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini maneno yalitoka.

"Bata anaoga," alisema. "Mimi napanguswa na kitambaa."

Jioni ile nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamwogesha maji ya kutosha, tangu kichwani. Alifumba macho. Kuanzia hapo tulifanya hivyo kila nilipopata maji, na yale yaliyobaki kwenye ndoo yakaenda kwa bata, naye akaridhika kwamba amewatangulia.

Walikua haraka. Nyuso zilianza kuwa nyeupe, shingo zikarefuka, na asubuhi walirukaruka hadi wakagonga wavu. Mmoja alijichubua paji la uso. Nilipomshika kumpaka dawa alitetemeka mkononi mwangu, nikajua muda umefika. Tatizo lilikuwa wapi. Walihitaji maji yasiyokauka wiki mbili baadaye, matete ya kujificha, wenzao wa aina yao, na watu wachache wenye mbwa na nyavu. Nami sikuweza kwenda mbali na kitanda cha mama kuliko muda wa yeye kulala mchana.

Tarach nilienda kwa mguu. Madimbwi yalikuwa yamebaki matope, na wanaume walishaanza kuchimba mchanga kutafuta maji ya ng'ombe. Nikarudi.

Rafiki yangu ndiye aliyesema, "Mimi nitakaa na mama. Wewe enda."

"Lakini wewe ndiye uliyewaleta. Ndiwe ungefaa kwenda."

Akacheka kidogo. Mkimbizi hatoki Kakuma bila ruhusa. Aliwahi kuiomba mara nyingine, kwa ajili ya mazishi, akaikosa. "Kwa mazishi sikupata," akasema. "Nitaomba kwa bata?"

Basi yeye, asiyeweza kutoka, alinishikia mlango ili mimi nitoke. Pikapu ya kazini ilikuwa inaenda Nakalale, nikapanda. Kule kulikuwa na bwawa la kuchimbwa, na kwa mbali niliona ndege wa majini wametawanyika, nikaharakisha hatua. Kumbe maji yalikuwa ya magoti, na ngamia waliingia humo kwa zamu. Mfugaji mmoja alinijibu salamu, "Ejok," akasikiliza habari za bata wangu hadi mwisho bila kucheka.

"Usiwalete," akaniambia. "Haya yatakauka. Sisi wenyewe tunahama."

Nilirudi na vumbi tu. Usiku bata walipiga mluzi kizimbani. Mama akaniuliza kama nimepata mahali. Nikamwambia bado.

"Unawatafutia mahali," akasema polepole. "Na mimi je?"

Alikuwa anataka kurudi bomani kwao, alikozaliwa. Hakukuwa na mtu wa kumtunza huko, wala gari la kufika, na sote wawili tulijua. Nilimgeuzia mto wake, nikamfunika miguu.

Iliyobaki ilikuwa Lodwar. Dada yangu anaishi Nawoitorong na ana shamba dogo kando ya Turkwel. Nilipompigia, alisema kwamba upande wa juu wa shamba lake mto umeacha mkono wa maji uliotulia, nyuma ya vichaka vya miiba vya mathenge, na jioni huja bata wanaopiga mluzi. "Wanakula mtama wangu," aliongeza. "Waongezee wengine, kuna neno gani?"

Tuliwapakia bata kwenye sanduku la mbao lenye matundu. Rafiki yangu aliweka kiganja juu ya mbao, akasema maneno kwa lugha yake, kisha akaingia ndani kwa mama. Gari la abiria lilipoacha nyumba za Kakuma nyuma, kifua changu kilifunguka hadi nikaona aibu.

Mahali palikuwa kama dada alivyosema. Mikoma, matete, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tulipigilia vigingi kwenye kingo, tukazungusha waya nusu nchi kavu nusu majini. Wangekaa humo siku kadhaa wausikie mto na wenzao, kisha ndipo tufungue. Bata waliingia majini na kuzama wote kwa pamoja. Walipoibuka matone yaliteleza juu ya migongo yao. Nilikaa kwenye mchanga nikawatazama. Nilitaka kukaa pale hadi siku ya kufungua. Nilikuwa nimepanga hivyo, nimebeba hata shuka.

Simu ikalia. Ni rafiki yangu. "Dada, samahani. Mama anakataa uji. Anakuita tu."

Kwa kitambo niliwaza kwamba mtandao wa Lodwar hukatika, kwamba ningeweza kusema sikusikia. Dada yangu alinitazama. "Nenda," akasema. "Nitawafungulia mimi." Nilinawa miguu mtoni, nikavaa viatu.

Mama alikula uji siku niliyorudi, kijiko baada ya kijiko, bila kuniambia alichokuwa akiogopa.

Dada alipiga simu jioni moja jua likiwa linashuka. Rafiki yangu alikuwepo. Siku hizo alikuja kila akimaliza kuuza chai. Tuliweka simu juu ya kitanda, sauti kubwa, mimi na rafiki yangu tukainama karibu na mama.

"Nafungua sasa," dada akasema. Waya ulikwaruza. "Hawatoki... Ngoja... Mmoja ametoka."

Tukasikia mluzi, kwanza mmoja, kisha mwingi, wa wale wetu na wa wageni, haujulikani upi ni upi. Rafiki yangu alifunika mdomo kwa leso. Mama aliinua mkono wake ulio mzima akatuashiria tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Kisha mtandao ukakatika kweli.

Dada alinieleza baadaye. Watano waliruka na kundi kuelekea juu ya mto. Wa sita alibaki ukingoni, na kesho yake hakuwepo. Huenda alifuata wenzake, huenda alichukuliwa na mnyama. Dada hakutaka kunidanganya, na nilimshukuru.

Jioni ile simu ilipokatika, rafiki yangu aliniomba nimweleze ule mto: upana wake, miti yake, kama kuna mchanga au tope. Nilimweleza. Akauliza tena habari za matete. Mama naye alikuwa akisikiliza, macho kwenye bati la paa. Nilieleza mpaka giza likaingia na ikambidi rafiki yangu arudi kambini. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi kumgeuza mama.