Shangazi Poti Azunguka Mtaa Kuomba Radhi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, na akishageuza mgongo ulimwita Shangazi Poti. Yeye alijua, na hakuona ubaya. Kwa miaka mingi alikuwa akilea watoto wa watu katika sebule yake na baraza ya nyuma, kuanzia wanaotambaa hadi wanaokaribia kwenda shule, na karibu kila mtu mzima aliyepita barabara ile aliwahi kukaa kwenye poti lake huku akiimbishwa.

Utaratibu ulikuwa haubadiliki. Baada ya maziwa ya asubuhi watoto walipangwa barazani, migongo ukutani, kila mmoja juu ya poti lake, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama kabla kazi haijaisha. Mumewe, seremala aliyestaafu bila kuacha useremala, aliyatengenezea mapoti viti vya mbao vyenye pa kushikia, mtoto asije akaanguka akisinzia. Shangazi alipita mbele ya mstari huo kama afande kwenye gwaride. Aliyemaliza alisifiwa, kazi yake ikatazamwa, akapewa hongera. Asiyemaliza aliambiwa kwa upole kwamba dunia haina haraka.

Aliipenda kazi yake, na angeendelea nayo hadi magoti yagome, kama ofisi ya ustawi wa jamii isingewaita walezi wote kwenye semina.

Semina ilifanyika katika ukumbi wenye feni moja inayozunguka na nyingine inayofikiria. Mwezeshaji alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyeipenda mada yake hadi akasahau kunywa chai. Aliwaeleza kwamba wapo wataalamu wa nafsi wanaoamini kuwa tabia ya mtu hujengwa mapema sana, kabla hajajua hata kufunga vifungo vya shati. Ndani ya kila mtu, alisema, wanaishi watatu: mtoto anayetaka chake sasa hivi, mkali anayekataza kila kitu, na yule wa katikati anayehangaika kuwasuluhisha ili mtu aweze kwenda kazini. Walezi walicheka, maana kila mmoja wao alimjua mtu ambaye kwake yule wa katikati amechukua likizo.

Kisha akaingia kwenye hatua za utoto. Kwanza kipindi cha mdomo, mtoto anapoijua dunia kwa kunyonya na kutafuna. Baada ya hapo, alisema kijana bila haya yoyote, huja kipindi cha choo. Shangazi, aliyekuwa ameanza kusinzia, akakaa wima. Mtoto akibanwa mno kwenye poti, wanasema wataalamu hao, anaweza kukua akawa mtu wa kupangapanga, mbishi, mwenye mkono wa birika, asiyeachia kitu. Na mwenyewe hatakumbuka. Mambo hayo huzama chini ya akili, mahali mtu asipofika, na kutoka huko yakamwendesha bila yeye kujua. Ukiona mtu anazunguka sana, alisema, ujue kuna kitu katikati anakikwepa.

"Kumbukeni lakini," mwezeshaji aliongeza, "hii ni nadharia. Wako wengi wanaoipinga."

Hilo Shangazi hakulisikia. Mwili ulikuwa ukumbini, lakini akili ilikuwa imeshafika kwa kinyozi wa mtaani kwao, ambaye hupanga vitana vyake kwa urefu na kumgombeza mteja anayekigusa kimoja.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima akawa anaiona kazi ya mikono yake. Karani anayetafuna kalamu: huyo alinyang'anywa chuchu ya mpira mapema mno. Muuza vitambaa, mama asiyekubali kushindwa ubishi hata na redio: huyo alikuwa akikaa kwenye poti hadi saa ya usingizi wa mchana, kwa kiburi tu. Na fundi redio, ambaye banda lake limejaa makorokoro hadi yeye mwenyewe amehamia nje? Mungu wangu, huyo alikuwa akisifiwa kuliko wote.

Aliingia ndani, akaketi, akashika tama.

"Mzee, nimeuharibu mtaa mzima."

Mumewe alikuwa akipiga randa ubao. "Mtaa uliharibika zamani," alisema. "Wewe umeukalisha tu."

Lakini kwa Shangazi haukuwa mzaha. Binti yao wa pekee, mhudumu wa duka la dawa, alikuwa anamalizia likizo ya uzazi, na mapatano yalikuwepo tangu mimba: likizo ikiisha, mtoto anakwenda kwa bibi yake. Shuka ndogo zilikuwa zimeshashonwa. Sasa Shangazi aliwatangazia wazazi wote kwamba mwisho wa mwezi anafunga kituo, kisha akampigia binti yake simu, akamwambia amtafutie mtoto mahali pengine.

"Mahali pengine wapi, Mama?"

"Popote. Kwa mtu ambaye hajaharibu watu."

"Mama, umelala vizuri?"

"Nimelala miaka yote hii, mwanangu. Sasa ndiyo nimeamka."

Akakata simu, akajitanda vizuri, akatoka kwenda kuomba radhi.

Alianzia kwa kinyozi. Benchi lilikuwa limejaa, na mteja mmoja alikuwa kitini na povu hadi masikioni. Shangazi alisimama mlangoni ameukumbatia mkoba wake, uso wa msibani kabisa.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Kuhusu nini tena, Shangazi?"

"Kuhusu poti."

Wembe ulisimama hewani. Benchi lote likainamia magazeti ya zamani, likijitia halisikii. Shangazi akaeleza yote, kuanzia mdomo hadi choo hadi yule mkali wa ndani, na akamalizia kwa kuonyesha vitana pale mezani, vimejipanga kutoka kirefu hadi kifupi. Kinyozi alivitazama vitana vyake mwenyewe kwa mashaka, labda kwa mara ya kwanza maishani.

"Shangazi," alisema baada ya kufikiri, "sisi nyumbani tulikuwa wengi. Kitu ukikiacha ovyo, hukioni tena. Hata pa kukaa ilikuwa ni kuwahi. Kwako ndiko nilikokuwa na kiti changu, na hakuna aliyeruhusiwa kunitoa mpaka niseme nimemaliza." Akarudi kwenye ndevu za mteja. "Kusema kweli nilikuwa namaliza mapema. Nakaa kimya tu."

Benchi likavunjika mbavu. Shangazi aliondoka hajui kama amesamehewa au ameshukuriwa. Alipogeuka nje, kupitia dirishani, alimwona kinyozi akikisogeza kitana kimoja upande, akikitazama, kisha akikirudisha upesi mahali pake.

Fundi redio, Shangazi alimkuta ameketi juu ya kigoda mbele ya banda, kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kuweka hata mguu. Aliposikia kilichomleta, hakucheka.

"Haya si makorokoro, Shangazi, ni spea," alisema kwa heshima. "Ila kule kunisifia, tafadhali, usikuombee radhi. Tangu siku zile hakuna mtu aliyetazama kazi yangu akanipa hongera. Watu wanaleta redio wamenuna, wanachukua redio wamenuna." Akasita kidogo. "Kama una nafasi, nitazamie hii."

Akamwonyesha amplifaya aliyoifufua asubuhi ile. Shangazi aliikagua mbele na nyuma kwa uzoefu wake wote, akampa hongera, na fundi akaona haya kabisa, mtu mzima mwenye mvi.

Aliendelea hivyo siku kadhaa, nyumba hadi nyumba. Wengine walimkaribisha soda. Wengine walimsamehe harakaharaka ili aondoke. Muuza vitambaa alibishana naye mchana kutwa kwamba yeye si mbishi. Mtaa ulipata la kuzungumza, na baadhi ya waume waliokuwa wakigombezwa kwa kuacha soksi ovyo walianza kudai kwamba kosa si lao, ni la Shangazi.

Jioni moja mumewe alimtazama akivua viatu, miguu imevimba.

"Yule kijana wa miwani alisemaje kuhusu mtu anayezunguka sana?"

"Kwamba kuna kitu anakikwepa. Kwani vipi?"

"Hakuna. Naona tu umefika hadi kwa waliolelewa hapa wiki moja." Akapuliza vumbi la mbao. "Kwa mmoja hujaenda."

Shangazi akauliza kama maji ya kunywa yamechemshwa.

Huyo mmoja alikuja mwenyewe, Jumamosi, na mtoto begani. Binti hakuwa mtu wa maneno. Kule dukani watu humsimulia maradhi yao yote na ya majirani, naye hujibu kwa kuhesabu vidonge. Alimkabidhi baba yake mtoto, akapita moja kwa moja hadi barazani, ambako mapoti yalikuwa yameoshwa na kugeuzwa yakauke. Mama na binti wakaketi ukingoni.

"Nasikia umewaomba radhi hadi wapita njia," alisema binti.

"Niliowalea tu."

"Na mimi?"

"Wewe?" Shangazi alishangaa kwelikweli. "Wewe sikukubana, wala sikukudekeza. Nilihakikisha hupati hata tone zaidi ya wenzako. Nani angeniachia mtoto wake kama angeniona nampendelea wangu? Katika watoto wote, wewe ndiye nina hakika sikukukosea."

Binti alicheka, lakini kwa pua tu.

"Unakumbuka nilikuwa nakuitaje, wenzangu wakishafika?"

"Shangazi. Kama wote. Ili wasijione wao hawana mama."

"Mpaka jioni, mtoto wa mwisho akichukuliwa. Ndipo ulikuwa unaniambia, haya, sasa niite Mama." Alisema bila hasira, kwa sauti ileile anayomwelezea mgonjwa dawa ni mara ngapi kwa siku. "Nikianguka, ulikuwa unaniinulia kidole, hivi, nisubiri, kuna mwingine analia. Na siku zote alikuwepo mwingine analia, Mama. Nikajifunza kutolia. Ukanisifia sana kwa hilo, tena mbele za watu. Huyu wangu wala hasumbui."

Shangazi alifungua mdomo. Ile radhi aliyokuwa akiigawa mtaa mzima, hadi kwa watu waliokwisha kusahau hata rangi ya mapoti, sasa haikupatikana. Alitaka kusema kwamba ilikuwa haki. Ilikuwa haki kweli, na hapo ndipo palipomuuma. Alimwona mtoto mdogo amesimama pale barazani, goti limechubuka, anasubiri zamu yake kwa mama yake mzazi, na akajiona yeye mwenyewe akijivunia.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nimesema leo." Binti aliokota kipande cha mbao sakafuni, akakigeuzageuza. "Sikuja kugombana. Ningekuwa nadhani wewe unaharibu watu, nisingetaka kukuletea mwanangu. Na nataka kumleta. Kituo usikifunge. Nataka asubuhi niingie kwa mlango ule, watoto wote wakiwa wamekaa hapa, nikuite Mama, na wewe uitike."

Shangazi akalia. Hakujificha wala hakugeuka pembeni. Alilia kama walivyolia watoto wake wote, mdomo wazi. Alipoweza kusema, alisema maneno ambayo hayakuwa na mdomo wala choo wala nadharia yoyote ndani yake.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nawe mmoja tu."

Binti akaitikia kwa kichwa. Naye macho yalikuwa yamelowa, ingawa hakutoa sauti. Hilo alikuwa amelizoea mno.

Wakati huohuo, chumbani, mtoto akaanza kulia. Mwanzo kidogo, kisha kwa nguvu zake zote, maana ndani yake alikuwemo yule mmoja tu anayetaka chake sasa hivi, na wa kumsuluhisha alikuwa hajazaliwa bado. Sauti ya babu ikasikika ikibembeleza kwa wimbo ambao babu hakuujua. Miguu ya Shangazi ilisimama yenyewe kabla kichwa hakijaituma, uso umeshaelekea mlangoni, na mkono wake ukamwinulia binti yake kidole.

Binti alikitazama kile kidole.

"Mama," alisema taratibu. "Babu yake yupo."

Mtoto alizidi kulia. Shangazi alirudi akaketi palepale alipokuwa, akamvuta binti yake karibu, na hakuinuka tena.