Binti Hamwoshi Mama Yake

Nikisikia watu wa kanisa letu wakisema "sisi ni familia moja," roho inanichafuka. Naliweka hilo wazi tangu mwanzo, ili asiyependa hasira ya mwanamke aishie hapa. Kanisa letu liko Nyamianda, hapa Uvira, kando ya ziwa. Ndani yake tumo Wafuliiru kama mimi, wamo Wavira, Wabembe, Warundi waliooa au kuolewa huku, na wamo Wanyamulenge walioshuka kutoka milimani. Wageni wakitutembelea, mchungaji husimamisha kila kabila liseme "Bwana asifiwe" kwa lugha yake, na wageni hupiga picha. Mimi pia nilikuwa nasimama, nasema, natabasamu kwenye picha.

Kwetu mwanamke akifa, binti yake hamwoshi. Ni mwiko wa zamani, na kanisa lilipokuja liliukuta likauacha ulivyo. Mtoto hapaswi kuona mwili uliomzaa ukiwa umelala wazi. Binti anakaa nje kwenye mkeka pamoja na wanaolia, na ndani wanaingia wamama wa chama cha kanisa, wanne au watano, na beseni la maji, sabuni, mafuta na kitenge kipya. Wakimaliza kumvika ndipo binti anaitwa. Anamkuta mama yake amelala vizuri, amechanwa nywele, na hiyo ndiyo sura anayobaki nayo.

Aliyewaongoza wamama hao kwa miaka mingi alikuwa mjane mzee wa Kinyamulenge kutoka Bijombo, kule milimani. Alishuka huku baada ya nyumba zao kuchomwa na ng'ombe wao kuchukuliwa, akaja na binti mmoja na sufuria mbili. Msifikiri alikuwa mpole. Alikuwa mkali kama pilipili ya uwandani, kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga. Ukiingia kuosha maiti ukiwa unapiga soga, alikutoa nje. Alikataa kabisa maji baridi. Siku moja mwenzetu alimwambia, mama, aliyekufa hasikii baridi. Akamjibu, "Minye nasikia," yaani yeye ndiye anayesikia, akamrudisha jikoni kuwasha makaa.

Alimwosha mama yangu. Nilikuwa nimekaa nje, mgongo wangu kwenye ukuta wa udongo, na upande wa pili wa ukuta nilimsikia akimsemesha mama kwa Kifuliiru chake kibovu, akimwita dada, akimwomba ageuke kidogo, akimwambia pole kwa safari. Mama yangu alikuwa mwanamke wa Sange ambaye miaka yote hakuwapenda watu wa milimani, na hakuficha. Yule mzee alijua. Alimpaka mafuta hadi vidole vya miguu.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Mzee huyo alifariki siku ya Jumanne, baada ya homa ya siku tatu, na alifariki wakati mji wetu ulikuwa umeshikwa na wazimu. Vita vilikuwa vimesogea uwandani. Mabasi madogo yalitoka Sange na magodoro juu ya paa, watu wakashuka na watoto migongoni wakisimulia waliyoyaona. Mji ulitafuta wa kulaumu, na haukutafuta mbali: uliwageukia Wanyamulenge. Vijana walisimama kwenye kona za mitaa wakiangalia nyuso za watu, pua zao, urefu wao, wakiuliza, "Weye ni wa wapi?" Mtu aliyezaliwa hapa, aliyebatizwa katika ziwa hili, alitakiwa kueleza uso wake barabarani.

Binti yake alinipigia simu asubuhi mapema, saa moja haijafika. Alisema, "Dada, mama ametuacha. Uwaambie wamama." Nikamjibu, "Tunakuja." Neno moja tu. Nililisema bila kufikiri, maana ndivyo tunavyosema siku zote, na siku zote tunakwenda.

Nilikwenda kwa mama mwenyekiti wa chama. Nilimkuta anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Alisema jambo hilo lazima lipitie kwa wazee wa kanisa. Tangu lini maji ya kuoshea maiti yakapitia kwa wazee wa kanisa? Hilo ndilo nililopaswa kumuuliza. Badala yake nilimfuata hadi kanisani, nikakaa kwenye benchi, nikasubiri wazee waje, mmoja mmoja, kila mmoja na salamu zake ndefu. Ilifika saa nne. Ilifika saa tano.

Walipokaa wote, mzee mmoja, ambaye ni mwalimu na anajua kupanga maneno, alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya kanisa. Alisema sisi sote tunamlilia. Kisha akasema, "Lakini tuangalie vile mambo iko. Sanduku isiingie mu kanisa. Na wamama wasiende kule kwa kundi. Ni juu ya sekirite, usalama tu, hakuna kingine." Mchungaji atakwenda makaburini kufanya sala fupi. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Woga nauelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Mtu aliyeonekana akiingia nyumba ya Mnyamulenge siku zile angeweza kuitwa msaliti kabla hajatoka. Kama wangesema "tunaogopa," ningelia pamoja nao. Hawakusema hivyo. Waliuita woga wao hekima, wakauvika suti na tai, wakaufungulia Biblia. Mmoja alitukumbusha kuwa Bwana alisema tuwe na busara kama nyoka. Kuhusu njiwa hakusema kitu.

Nilifungua mdomo. Nilisema, "Yeye ametuoshea wafu wetu." Mama mwenyekiti akanigeukia, bila ukali, karibu kwa huruma, akaniuliza, "Weye umesahau mujomba yako?" Mjomba wangu aliuawa uwandani, kwenye shamba lake la mpunga, na sisi hatukuambiwa ni nani aliyemuua, tulichagua wenyewe wa kumshuku. Alipomtaja mjomba pale, niliacha kubishana. Kana kwamba yule mzee mwenye sufuria mbili ndiye aliyeshika bunduki. Kana kwamba mjomba angefufuka kwa maiti mmoja kukosa maji. Hayo nayasema leo. Siku ile niliangalia tu kandambili zangu.

Kisha wakaomba. Wee, waliomba! Sala ile ilipita Yerusalemu, ikapita kwa viongozi wa dunia, ikarudi kuwakumbuka wagonjwa wa hospitali, na wakati huo wote mwili ulikuwa umelala nusu saa ya kutembea kutoka pale, haujaguswa.

Nilitoka saa nane mchana. Sikuwaaga. Na msije mkanipa sifa: nilipita njia ya nyuma, kandokando ya korongo, nimejifunika kitenge kichwani kama mwizi wa kuku. Nilisimama mara mbili kuangalia kama kuna anayeniona.

Nje ya nyumba walikuwa wametandika mikeka mitatu, mikeka ya watu wengi. Juu yake alikuwa amekaa mtu mmoja, mjukuu wa marehemu, msichana mdogo, kwenye nafasi ambayo mama yake alipaswa kukaa. Nilimuuliza mama yuko wapi. Akanionyesha mlango.

Aliyenipigia simu alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ya blauzi imekunjwa juu ya viwiko. Alikuwa amekwisha kumwosha mama yake uso, shingo, mikono na kifua. Alisubiri tangu asubuhi, wanawake wawili wa ukoo wao walikuwa upande wa pili wa mji wakishindwa kupita kwenye zile kona, jua likaanza kuwa kali, na mwili haungojei. Beseni lilikuwa limejaa maji ya baridi. Aliniangalia, akaangalia ile kanga ya kuoshea iliyokuwa mkononi mwake, akarudi kwenye kazi yake.

Nikamwambia, "Toka, dada yangu. Nitamalizia."

Akasema, "Nitoke niende wapi? Nimeshaona."

Nilipiga magoti upande wa pili. Tulimgeuza pamoja. Tulimwosha mgongo, tukamkausha, tukampaka mafuta. Sikupata neno hata moja la kumwambia yule mzee, mimi niliyemsikia akimsemesha mama yangu. Nilikuwa nalia kwa hasira, na kamasi zilinidondoka hadi nikaona aibu. Binti hakulia. Alifanya kila kitu taratibu na vizuri, kama aliyefundishwa, na kwa kweli nani angemfundisha?

Kesho yake alizikwa. Kaburi lilichimbwa na wapwa zake. Mchungaji alikuja kwa pikipiki, na dereva alimsubiri bila kuzima mashine, hivyo sala yote tuliisikia pamoja na mngurumo. Alisema tutaonana ng'ambo ile, ambako hakuna kabila wala machozi. Watu walisema amina. Mimi sikusema.

Tangu siku ile siwezi kuvumilia mbingu ya namna hiyo, mbingu wanayompa mtu ili wasimpe mlango wa kanisa. Imani tunayoikiri kila Jumapili haisemi tu kwamba roho zitaruka kwenda mahali pazuri. Inasema tunaamini ufufuo wa mwili. Mwili. Ule ule wenye pua ile waliyoikodolea macho kwenye kona, na magoti yale yaliyochoka kupigwa kando ya maiti za watu wengine. Tumaini langu ni hilo, na nalishika kwa meno: kwamba mwili ule utasimama, na wazee wetu watasimama mbele yake, na hakuna atakayewapa sala ndefu ya kujifichia. Mtu akiniambia hilo ni kisasi, namwambia asome tena alichokikiri.

Jumapili nilikwenda ibadani. Binti wa marehemu naye alikuja na mtoto wake, akakaa kwenye benchi lao la siku zote. Ulipofika wakati wa ushuhuda, nilipita mbele nikashika kipaza sauti. Nilisema Bwana asifiwe, kama inavyotakiwa. Kisha nikasema, "Mama yangu alioshwa na mama tuliyemzika Jumatano. Hapa ndani, yeyote ambaye mama yake, au mke wake, au dada yake, alioshwa na mikono ile, asimame."

Mchungaji alisema kutoka kwenye kiti chake, "Mama, ushuhuda ni wa kumshukuru Mungu."

"Namshukuru kwa ajili yake," nikasema. "Asimame."

Kipaza sauti kilikufa. Najua kilivyokufa, maana nilimwona mzee mwalimu akimpungia mkono mtu wa mitambo. Mimi nimekulia uwandani, nimefukuza ndege kwenye mpunga tangu utoto. Sauti yangu haihitaji umeme. Nikarudia mara ya tatu. Akasimama mwimbaji mmoja wa kwaya. Akasimama baba mmoja mzee kwa kushikilia benchi la mbele. Kisha huku na huku, kimyakimya, mpaka karibu nusu ya kanisa ilikuwa wima. Mzee mwalimu alisimama wa mwisho, maana watu walijua kuhusu mke wake na walikuwa wanamwangalia. Mama mwenyekiti alibaki amekaa akitafuta mstari kwenye Biblia yake. Mama yake mzazi alioshwa na yule mzee mbele ya macho yangu.

Nilingoja mtu mmoja aseme, "Tulikosa." Neno dogo, halihitaji shule. Mchungaji akasema, "Basi, kwa kuwa tumesimama, tuombe." Wakafunga macho. Kanisa letu likibanwa hufunga macho. Walipoyafungua, kwaya ilikuwa imeanza wimbo, na mambo yakaendelea na matangazo.

Baada ya ibada walimzunguka binti yule uani. Walimshika mikono, wengine wakilia, wengine wakimwambia Mungu atakutia nguvu, mwanangu. Mimi pia walinipitia, wakaninong'oneza, "Umesema vizuri, mama," kwa sauti ndogo wakiangalia pembeni. Yeye aliwapa wote mkono, mmoja baada ya mwingine, hakumruka mtu. Walipoisha, alinivuta hadi nyuma ya jengo, mahali wanapoanika madumu ya maji.

Nilianza kumwambia kwamba Mungu anaona, kwamba haki itakuja. Akanikatisha.

"Dada, weye ulikuja. Sikatai. Ulipita mu njia ya hatari, ukapiga magoti. Lakini uliniambia 'tunakuja' asubuhi, na minye nilikaa nikikungoja na maji ya moto. Niliipasha mara tatu. Makaa ikaisha."

Nilisema, "Nisamehe."

"Nitakusamehe, ngoja kwanza. Leo nataka uniambie kitu kimoja. Minye nikikufa, utakuja asubuhi?"

Nikasema, "Usiseme hivyo, bado wewe ni kijana." Hakuniachia mkono. Uani watu walikuwa bado wanacheka na kuagana. Nikasema nitakuja asubuhi. Nikasema hata nikipita katikati ya barabara, kichwa wazi.

Akatazama upande wa mlango, ambako mtoto wake alikuwa amesimama ameshika Biblia ya bibi yake kwa mikono miwili.

"Huyu iko na miaka tisa," akasema. "Usimwachie kazi ile."