Kaseti Niliyomrekodia Baba

Kule kwetu kaskazini mwa Kenya, mwendo wa siku mbili kutoka kituo cha polisi, Baba alikuwa na bunduki moja. Alipewa na serikali alipokuwa askari wa akiba, akalinda nayo ngamia na kisima. Mimi nilikuwa nesi London, nimepanga chumba mtaa wa Kilburn, sheria ilipobadilika: kila bunduki irudishwe. Baba alikataa.

Binamu yangu, ofisa wa wilaya yetu, alikuwa London kwa kozi. Kila Jumapili alikuja kula kwangu. Siku moja aliweka redio kaseti juu ya meza ya jikoni.

"Dada, mzee hanisikilizi mimi. Wewe atakusikiliza."

"Na nani atawalinda?"

"Polisi watajenga kambi pale kisimani. Na wale wezi wa mifugo wa ng'ambo ya milima watanyang'anywa bunduki zao siku hiyo hiyo. Nakuapia."

Tulilelewa nyumba moja, nilimwamini. Nilifunga dirisha kupunguza kelele za mabasi, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamwambia Baba airudishe bunduki, kwamba nimeuliza kila kitu na nimeridhika.

Kaseti ilipofika, Baba aliirudisha bunduki. Kambi haikujengwa. Wale wa ng'ambo hawakuguswa. Baada ya miezi mitatu walikuja asubuhi, wakaswaga ngamia wote, wakamuua mdogo wangu akiteka maji.

Nilimpigia binamu simu ofisini kwake, kule wilayani. Alikuwa amepandishwa cheo.

"Ulijua kambi haitajengwa?"

"Barua ya kuahirisha niliipata nikiwa huko London."

"Kabla ya kaseti?"

"Dada, mimi natii amri. Na aliyezungumza ni wewe."

Nilikata simu, nikaenda kazini, nikafunga vidonda vya wagonjwa bila kumwambia mtu.

Baba nilimpata wiki mbili baadaye, kwa simu ya duka la mjini. Nilitaka anikaripie. Akaniuliza kama nakula vizuri. Nilipoanza kueleza, alinikatiza. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Niliamua mwenyewe." Nilijua ananisitiri, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Mwaka uliofuata binamu alirudi kwa kozi nyingine. Alibisha hodi Jumapili mchana, amebeba majani ya chai ya nyumbani. Nilimfungulia, nikamwomba asimame palepale anitajie jina la mdogo wangu. Akatazama viatu vyake. Nilisubiri mpaka jirani akapita na kutusalimu, kisha nikafunga mlango.