Ruhusa ya Bia Ukutani kwa Mgonjwa

Restora ya jirani yetu huko Masisi ilianza na maharagi, viazi na maziwa ya kuganda. Kisha mwenyewe akaomba ruhusa ya kuuza bia. Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, akatuita majirani wote mbele ya mlango wa restora ili atusikilize.

Mama mmoja tu alisimama kukataa. Mume wake alikuwa amelala mgonjwa upande wa pili wa ukuta wa mbao wa restora, na sote tulijua hatapona.

"Shefu, makelele yatamutesa. Mungoje kwanza," alisema.

Shefu akacheka. "Tungoje nini, Mama? Bwana yako iko anaenda. Bia ndiyo itabaki."

Watu nao wakacheka. Mgonjwa aliyasikia yote, maana mbao zile hazikuzuia hata kikohozi. Ruhusa ikatolewa palepale, na kreti ya kwanza ikafunguliwa kumshukuru shefu.

Yule bwana alikufa Jumapili moja baada ya misa, rumba ikipigwa. Nilimsindikiza mama kwenda kuomba muziki uzimwe wakati tunaosha maiti.

"Pole, Mama," mwenye restora alisema bila kuinuka. "Nitapunguza kidogo. Watu wa matanga wakisikia kiu, uwalete hapa."

Hakuwaleta. Walikwenda wenyewe, ndugu za marehemu mbele. Kupitia mbao tuliwasikia wakibishana nani atachukua ng'ombe wake. Mama aliendelea kumfunga mume wake kidevu kwa kitambaa, polepole, kana kwamba bado angeweza kumuumiza.