Kisigino cha Mwalimu

Shangazi yangu aliwageuza wazee vitandani kwa miaka kumi na tisa, katika nyumba ya kutunzia wazee. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kila baada ya saa mbili anamgeuza mzee asiyejiweza, anakagua nyonga na visigino, halafu anatia alama kwenye fomu. Fomu ina swali moja: ngozi imekuwa nyekundu? Ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, kidonda cha kulalia kinanyemelea na mzee anawekewa mto.

Aliyetunga swali hilo alikuwa akiwaza ngozi yake mwenyewe. Kisigino cha mweupe kikikandamizwa kutwa nzima kinaiva kama nyanya. Cha mweusi hakiivi. Kwake unapapasa kwa mgongo wa kiganja, na ukikuta pa moto au pagumu, ujue mambo yameanza kuharibika. Hayo Shangazi hakufundishwa na mtu, mikono yake ilijifunza yenyewe.

Kisha akaletwa Mwalimu, mzee mstaafu wa hesabu, mweusi tii, mcheshi. Nyonga ilikuwa imevunjika, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia miguu ganzi, hata ungemchoma sindano asingejua. Shangazi akaandika kwa kalamu chini ya lile swali: "Huyu ni mweusi. Papaseni, msitazame tu."

Matroni, msimamizi wa wauguzi, mweupe wa ngozi na mwepesi wa machozi, akamwita ofisini.

"Dada yangu, nini hiki?"

"Maelekezo, Matroni. Ngozi yake haiwi nyekundu."

"Hapa hatuandiki rangi ya mtu. Mimi sioni mweusi wala mweupe, naona binadamu. Wote tunawahudumia sawa."

"Lakini fomu yenyewe inauliza wekundu, Matroni. Sasa wekundu wa nani?"

Macho ya Matroni yakalengwalengwa na machozi. "Miaka yote hii sikujua kumbe una ubaguzi."

Fomu ikachanwa, ikaletwa safi. Shangazi akahamishiwa chumba cha kufulia, marufuku kukanyaga wodini. Matroni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya unajua pa kumshika. Huyu aliwakumbuka wazee wote siku zao za kuzaliwa, akawasuka nywele mabibi kwa mikono yake, na kila ukimwambia jambo alikuwa ameshakusamehe kabla hujamaliza.

Siku ya kumi na moja Shangazi alitoa kwenye kapu shuka la Mwalimu, akaona doa la njano upande wa miguuni. Lilinuka. Akapanda ngazi nalo mkononi, akamvua mzee soksi. Ngozi ya kisigino ikabanduka nayo, na chini yake nyama ilikuwa imeoza hadi mfupa unaonekana. Fomu ikasomeka hapana, hapana, hapana, ukurasa baada ya ukurasa, na waliotia alama hawakudanganya. Walitazama kweli. Wekundu haukuwepo.

Mguu ukakatwa chini ya goti.

Kwenye kikao cha kuchunguza jambo hilo Matroni alilia hadi kitambaa kikalowa. "Nilimpenda kama baba yangu! Hakuna alichopewa mwingine, yeye akanyimwa."

Mwalimu alikuwepo, kwenye kiti cha magurudumu. "Kweli, binti yangu," akasema. "Hesabu yako haina kosa. Tumegawiwa sawa kabisa. Ila wenzangu wametoka na miguu miwili."

Kumbukumbu za kikao zikaandikwa kwamba huduma ilitolewa kwa usawa, na fomu ikabaki ilivyo.

Shangazi bado yuko kwenye kufulia. Saa ya chakula cha mchana anapanda wodini bila ruhusa, anapiga magoti, anapapasa kisigino kilichobaki. Mwalimu humuuliza, "Vipi, mwanangu, huyu naye anataka kuniaga?" Naye hujibu kwamba leo ni cha baridi.

Juzi nilijaribu kumfariji. Nikamwambia, "Shangazi, wewe ulifanya ulichoweza."

Alikuwa akikunja shuka. Hakuinua macho.

"Sikufanya," akasema. "Kutoka pale kufulia hadi kitandani kwake ni ngazi kumi na nne. Siku kumi nzima nimepiga pasi mashuka yake, najua kabisa hakuna anayempapasa, na sikupanda. Niliogopa kuitwa mbaguzi tena."