Banda la Ng'ombe la Mzee George

Nilifunga safari hii kwa ajili ya macho ya mtu mwingine. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao hapa Lewisham, London, na mmoja wao ni Mzee George. Siku hizi anaona vivuli tu, na daktari ameshamwambia hata hivyo vivuli vitakwisha. Kabla ya giza alitaka kulifikia banda alilokamulia ng'ombe utotoni, kwenye kijiji cha nyumba saba huko Suffolk. Binti yake amehamia Australia, kwa hiyo nikabaki mimi.

"Shoga, una off moja kwa wiki, halafu unakwenda kumtembeza client?" aliniuliza Rehema, ninayeishi naye. "Si ulale tu?"

Nilikuwa nimetoka shift ya usiku, miguu imevimba.

Asubuhi hiyo tulipanda treni, tukashuka, tukapanda nyingine. Njiani mzee alinisimulia kwao. Baba yake alikuwa mkulima mpangaji. Mashamba, nyumba, hata kanisa, vyote vilikuwa mali ya bwana mmoja. Bwana alipokufa, warithi wakauza. Ng'ombe wakapakiwa kwenye lori, na mtoto George akaletwa London. Nilisinzia mara mbili, yeye hakukoma.

"Umewahi kurudi?" nilimuuliza.

"Mara tatu, na binti yangu. Tuliegesha gari njiani, tukatazama."

"Hamkuingia?"

"Hatukualikwa."

Nilicheka, kisha nikaona mwenzangu hacheki. Mara tatu, jamani! Mtu anatoka London mpaka kwao, anatazama ukuta, anarudi.

Mchana teksi ilitushusha kijijini, kwenye manyunyu. Ngano pande zote, hadi macho yanachoka. Miti iliyogawa mashamba iling'olewa ili mashine zipite, na kanisa sasa ni nyumba ya mtu. Njiani hapakuwa na hata mbwa. Mzee akasimama kwenye geti la banda lao, ameegemea fimbo.

"Tutazame hapa hapa. Inatosha."

"Unatazama nini, Mzee, nawe huoni?"

Maneno yalinitoka makali. Uchovu hauna adabu. Nikamwacha pale, nikapita getini, nikaita "Hodi! Hodi wenyewe!" kama niko kwetu Makambako, kisha nikagonga mlango.

Alifungua mama wa makamo, mikono ina unga. Nilipomweleza tulichofuata, alimtazama mzee kwa muda mrefu.

"Huyu si ndiye wa lile gari jekundu?"

"Unamfahamu?"

"Nilikuwa nikimwona kutoka dirishani. Mara zote tatu nilivaa koti nitoke nimkaribishe, nikaona haya. Nilidhani nitamsumbua."

Akaenda mwenyewe kumshika mkono. Mzee alikuwa amesikia yote; akamfuata ndani.

Banda sasa ni sebule, lina zulia na dirisha linalochukua ukuta mzima. Mzee alipapasa matofali mpaka akagusa pete ya chuma waliyofungia ng'ombe. "Hapa alisimama Primrose," akasema. "Alikuwa na mateke, huyo!" Kisha akageuza uso huku na huku, akamwambia mwenyeji, "Pamependeza sana." Mama wa watu akalia. Mimi nilitoka nje kidogo, maana nami machozi yalikuwa yananijia.

Jioni, kwenye treni ya kurudi, aliniomba nimweleze kila nilichoona. Nikaeleza: dirisha, boriti nyeusi, hori la ng'ombe lililopandwa maua. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Huku Uingereza nimezoea mengi, baridi na upweke vikiwemo, lakini haya za namna hii siziwezi. Nilichojifunza ni kwamba adabu nayo inaweza kumfungia mtu nje ya kwao.

"Alikuwa dirishani mara zote tatu?" aliniuliza tulipokaribia London.

"Mara zote tatu, Mzee."

Akaegemeza kichwa dirishani. Nikadhani amelala.

"Ile mara ya kwanza," akasema, "nilikuwa naona vizuri kabisa."