Siku Niliyokataa Kunyoosha Mgongo

Mwaka ule walipochimba mtaro wa mkongo wa mawasiliano kando ya barabara kuu, mimi nililala ubavu katika hospitali moja ya Tunduma, shingo imekakamaa, kichwa kinanguruma kama foleni ya malori mpakani. Nilikuwa kidato cha nne. Daktari alitaka kuchota maji ya uti wa mgongo ajue ninaumwa nini. Ukoo ulikuwa umeshatoa hukumu: sindano ya mgongo inalemaza.

"Jikunje kama mtoto aliye tumboni," daktari akasema. "Usitikisike."

Mama akanishika magoti. Kidole cha daktari kikapapasa kati ya mifupa, sindano ikaingia.

Hapo mlango ukafunguka. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa ametoka Mlowo kuja kuniondoa. Kwetu mkubwa akiingia, mtoto humwamkia kwa kupiga makofi taratibu. Mikono yangu ikapiga bila kuniuliza, mgongo ukanyooka, sindano ikagonga mfupa.

"Mmeona?" akasema. "Hata mfupa umekataa."

Daktari akaichomoa. "Sindano haina macho, mzee. Wenzetu huko nje wanajaribu kuitia uzi wa kioo ndani, kama huo unaofukiwa barabarani. Mwanga hupita humo, ukamwambia daktari ncha imefika wapi. Mimi nina kidole tu."

"Basi tuungoje huo uzi," baba mkubwa akasema.

"Utafika lini?" nikauliza.

Nje majembe yalikuwa yakilia. Uzi wa kioo ulipita mbele ya hospitali yetu ukielekea Zambia, na mimi niliambiwa nife kwa subira.

"Siungoji," nikasema. "Baba mkubwa, heshima yako ipo, ila leo sikupigii makofi. Mama, nishike magoti."

"Mtoto ana homa huyu, anapayuka," baba mkubwa akasema.

"Ninayo. Ndiyo maana nachomwa."

Mama hakuwahi kumpinga shemeji yake. Siku ile alinikunja tu, kwa nguvu zote za mwanamke aliyelima Mbozi maisha yake yote. Kidole kikapapasa tena. Nikang'ata shuka. Maji yakadondoka, yana ukungu kama maji ya kuoshea mchele, na daktari, alipoona ni homa ya uti wa mgongo, akaagiza dawa kabla hajavua glovu.

Baba mkubwa alirudi Mlowo kutangaza kwamba sina adabu. Nilipopona nilipanda gari hadi huko, nikashuka stendi, nikapita katikati ya soko kwa miguu yangu miwili, polepole, kila mtu anione.